Nyumba za Mbali: Wafugaji wa Alpaka

Katika kutazama kwetu nyumba za watu wa mbali, mwezi huu hatuna budi kupanda juu sana. Twende nchi ya Peru, katika Amerika ya Kusini, kwenye milima ya Andes, mahali palipo zaidi ya mita 4,000 juu ya bahari. Huko mahindi hayasitawi, wala miti ya kuni haipatikani kwa urahisi. Kuna majani magumu, mabwawa, mawe na upepo; tena kuna watu, wengi wao wasemao Kikechua, na mali yao ni alpaka.

Alpaka ni jamaa ya ngamia, ila hana nundu, na kimo chake begani ni kama mita moja tu. Mwili wake umefunikwa na sufu nzito, na nyayo zake ni laini, hazichimbui udongo kama kwato za mbuzi. Akikasirika hutema mate yenye majani aliyoyacheua, na harufu yake si ya kusahauliwa. Lakini mara nyingi huwatemea wenziwe wagombeao chakula. Tena kundi zima huenda choo mahali pamoja, kama watu wenye adabu. Mama wa nyumba huiokota samadi hiyo, huianika, nayo ndiyo kuni yake.

Asubuhi, sakitu ikiisha kuyeyuka, zizi la mawe hufunguliwa. Mara nyingi wafuatao kundi ni mama na watoto. Mama aendapo mikono yake haikai bure: husokota uzi huku akitembea, na jicho lake li kwa mbweha.

Lakini miezi ya kuzaa ndiyo miezi ya hofu. Alpaka huchukua mimba miezi kumi na moja na nusu, naye huzaa mtoto mmoja. Mapacha ni nadra mno. Wengi huzaliwa kati ya Desemba na Machi, kwa kuwa ndipo majani yawapo mabichi na mama awapo na maziwa. Illakini majani na mvua huja pamoja, na mvua ya huko yaweza kugeuka theluji kabla jua halijatua. Ajabu ni kwamba alpaka wengi huzaa asubuhi, hata ndama apate kukauka kabla ya baridi ya usiku. Mchungaji ayajua hayo, kwa hiyo amwonapo jike amejitenga na wenziwe, hamwachi. Ndama akizaliwa hupanguswa, kitovu hupakwa dawa, kisha hutazamwa mpaka asimame na kunyonya dang'a. Asiponyonya siku ile, hatakuwa na nguvu za kushindana na baridi wala na kuhara, ambako huua ndama wengi katika majuma yao ya kwanza. Tena akifa, jike yule hatazaa mwingine mpaka mwaka ujao.

Sufu hukatwa mara moja kwa mwaka. Mnyama hulazwa, miguu hufungwa, na mkasi hupita upesi; kila mmoja hutoa kilo mbili au tatu. Mchuuzi huinunua kwa ratili, nayo hupelekwa kwenye viwanda vya mji wa Arequipa, ambako wanawake huichambua kwa kuigusa tu, laini mbali na ngumu mbali. Sufu nyeupe hupata bei nzuri kuliko ya rangi, kwa sababu yakubali kutiwa rangi yo yote. Basi wafugaji wamechagua weupe miaka mingi, na alpaka wa kahawia, wa kijivu na weusi wamepungua. Sisi twaona hiyo ni hasara, maana rangi hizo hazihitaji dawa wala hazichujuki. Nyumba nyingi hubakiza wachache wa rangi kwa ajili ya mablanketi yao wenyewe.

Fedha ya sufu hununua chumvi, sukari na madaftari ya shule, nayo haidumu mwaka mzima. Kwa hiyo miezi ya Juni na Julai, baridi ikizidi, wanyama wazee huchinjwa, na nyama yao hutiwa chumvi ikaushwe kwa jua la mchana na sakitu ya usiku. Nyama hiyo huchukuliwa mabondeni, ikabadilishwa kwa mahindi.