Kisima cha Julai Hupimwa Oktoba

Kila mwaka vyuo vya Marekani vinapofunga mwezi Mei, wapo wanafunzi ambao likizo inawakuta na hela ya mradi mkononi na safari ndefu mbele yao. Mfuko mmoja unaowawezesha, Projects for Peace, ulianza mwaka 2007 kwa fedha za Kathryn Wasserman Davis, bibi aliyekuwa anatimiza miaka 100. Anayeteuliwa hupewa dola 10,000 atekeleze wazo lake mwenyewe kabla masomo hayajaanza tena. Miongoni mwao wamo vijana wetu wa Afrika Mashariki wanaosoma huko, wanaorudi kuchimba kisima, kufungua maktaba au kuwafundisha wasichana kushona taulo za kike. Moyo huo siubezi, na hela hiyo si ndogo kijijini. Ugomvi wangu ni na kalenda. Mfadhili amekubali kwamba mwaka wa chuo ndio uamue mwaka wa kijiji, na hapo ndipo mradi mzuri unapoanza kufa.

Chukua kisima, kwa kuwa ndicho kinachopendeza zaidi kwenye picha. Dodoma na Singida mvua huisha Aprili au Mei, kwa hiyo mwanafunzi anayefika Juni anakuta ardhi ingali na maji. Julai kinachimbwa, Agosti watoto wanapigwa picha wakining'inia kwenye mkono wa pampu, na Septemba ripoti inaandikwa, tena bila uongo wowote: maji yanatoka. Lakini kisima hakipimwi Julai. Hupimwa Oktoba na Novemba, maji yanaposhuka chini kabisa, foleni ya ndoo inapoanza alfajiri, na mpira wa pistoni unapolika kwa sababu pampu haipumziki. Wakati huo aliyekileta yuko kwenye mitihani ya muhula, na mfuko umekwishafunga hesabu. Hakuna aliyekosea, ila hakuna aliyepo.

Hatuna haja ya kubahatisha kuhusu mwisho wa habari hii. Serikali ya Tanzania ilipoorodhesha vituo vya maji vijijini mwanzoni mwa miaka ya 2010, takribani vinne kati ya kila kumi vilikuwa havitoi maji. Vingi vilijengwa na serikali yenyewe na mashirika makubwa, si wanafunzi. Basi kama wenye ofisi, magari na bajeti za miaka mitatu walishindwa kuvitunza, wiki kumi za likizo zitaleta muujiza gani? Upande wa pili tunao mfano wa Kwale, kusini mwa pwani ya Kenya. Huko, miaka ya 1980, pampu ya mkono ya Afridev ilijaribiwa na kurekebishwa mpaka wanakijiji waweze kuifungua wenyewe kwa spana moja, watoe mpira uliochakaa na kuweka mpya. Wanawake wa kamati za maji walifundishwa kazi hiyo na kushika fedha za matengenezo. Watafiti waliorudi zaidi ya miaka 25 baadaye walikuta baadhi ya pampu zile bado zinatoa maji. Mradi ule ulikuwa na wahandisi na fedha ambazo mwanafunzi hana, sawa, lakini spana na daftari la michango si vitu vya mabilioni.

Watetezi wa fedha hizi watasema faida yake kubwa ni mwanafunzi mwenyewe: anajifunza, anakomaa, na kesho atakuwa waziri au daktari anayekijua kijiji. Nakubali kwamba anajifunza. Ila kama hilo ndilo lengo, tuseme wazi kwamba kijiji ni darasa, na mwenye darasa hulipwa. Mwaka 1968 Ivan Illich aliwaambia uso kwa uso wanafunzi wa Kimarekani waliokuwa wanakwenda kujitolea Mexico kwamba ni heri wabaki kwao. Mimi siendi mbali hivyo, hasa kwa kuwa kijana wa Iramba, Singida, aliye chuoni Marekani akirudi Iramba haendi ugenini.

Wengine wanataka dawa kali: utumishi uwe wa lazima na wa muda mrefu. Tulishaonja. Oktoba 22, 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana kupinga kutumikia Jeshi la Kujenga Taifa kwa asilimia 40 ya mshahara, na Mwalimu Nyerere akafukuza karibu 400. Alipunguza na mshahara wake kwa asilimia 20, jambo ambalo viongozi wa leo hawalikumbuki kwa sauti. Hata hivyo, msomi anayepelekwa kijijini kwa amri huhesabu siku. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilikwenda kwa njia nyingine. Iliwafikia watu kama milioni mbili kwa redio na vikundi vya kusomea, na viongozi wa vikundi walikuwa watu wa palepale, ambao vipindi vilipokwisha hawakuwa na ndege ya kupanda. Vyoo ilivyohimiza vilichimbwa na watu ambao wangevitumia.

Kwa hiyo fedha zigawanywe. Nusu itoke Juni, nusu ikae hadi mwaka wa pili, na nauli ya mwanafunzi ya kurudi kijijini iwe ndani ya bajeti badala ya kuwa hisani ya mzazi. Awepo mwenza wa mwanafunzi kijijini, mwenye jina lake kwenye mkataba na posho yake, anayeendelea chuo kikifunguliwa. Itasemwa miradi itapungua. Ipungue: mia moja inayodumu msimu mmoja haizidi hamsini inayovuka kiangazi. Na ripoti ya mwisho isainiwe na kamati ya watumia maji, Novemba, baada ya kuulizwa maswali ambayo fomu za sasa zingefaa kuwa nayo tangu siku ya maombi: mpira wa pistoni ukikatika, atanunua nani, kwa hela ya daftari gani, na duka liko kilomita ngapi kutoka kisimani?