Rimu kuingia kwenye bolti haitoshi

Mtu aliyerejea nyumbani na akiba ya miaka mingi, akanunua Toyota Probox ya kubebea abiria, ana haki ya kutaka gari lake lipendeze na lidumu. Ndiyo maana rimu za sport zilizotumika, ambazo wengine huziita janti, hazikosi wanunuzi zinapovushwa na wafanyabiashara wetu kutoka Tanzania. Hatuna ugomvi na biashara hiyo. Rimu iliyotumika, ikiwa nzima, inaweza kuwa bora kuliko mpya ya bei ya kutupwa. Tunachotaka kukizungumzia leo ni jinsi rimu hizo zinavyouzwa na kufungwa.

Kipimo kinachotumika mara nyingi ni kimoja tu. Fundi anahesabu matundu, anaijaribu rimu kwenye bolti, na ikiingia anasema imekubali. Mteja analipa, abiria wanapakiwa, safari inaanza. Tukumbuke kwamba gari hilo hilo ndilo litakaloteremka kutoka Bugarama hadi Bujumbura, mteremko wa zaidi ya mita 1,000, kona baada ya kona, likiwa limejaa watu na mizigo. Gurudumu likichomoka pale, hakuna wa kumlaumu aliye karibu isipokuwa dereva, ambaye pengine hakuambiwa lolote.

Tuchukue mfano wa Probox yenyewe. Ina bolti 4 zilizopangwa kwenye duara la milimita 100. Magari mengi madogo ya Nissan na Honda nayo yana mpangilio huo huo, kwa hiyo rimu zake huingia bila shida. Lakini tundu la katikati halilingani. La Toyota hii ni milimita 54.1, la Honda ni 56.1, na la Nissan ni 60.1. Ukifunga rimu ya Nissan kwenye Probox, inabaki nafasi ya milimita 3 kila upande wa kitovu cha habu. Rimu haina kinachoishika katikati isipokuwa nati, na ikikaa upande kidogo tu, usukani huanza kutetemeka mwendo unapoongezeka. Wengi hukimbilia kufanya balansi tena na tena, wakati tairi halina kosa. Dawa yake ni pete ya kuziba nafasi hiyo, yenye kipimo cha ndani cha 54.1 na cha nje kinacholingana na rimu. Ni kitu kidogo na si cha gharama kubwa.

Jambo la pili ni nati. Nati za Toyota na Honda kwa kawaida zina uzi wa milimita 12 kwa 1.5, na za Nissan ni 12 kwa 1.25. Kwa macho zinafanana. Nati ya Nissan ikilazimishwa kwa spana kwenye bolti ya Toyota hula uzi, na bolti iliyoliwa uzi haikazi tena. Zaidi ya hapo, uso wa nati lazima ufanane na tundu la rimu. Rimu nyingi za sport za madukani zinataka nati yenye uso wa koni, rimu za asili za Honda zinataka uso wa mviringo kama mpira, na baadhi ya rimu za asili za Toyota zinataka nati ndefu yenye washa bapa. Nati isiyofanana na tundu lake hugusa sehemu nyembamba tu. Leo inaonekana imekaza, kesho imelegea.

Tatu ni ufungaji. Uso wa habu usafishwe kutu na rangi kwanza. Gari likiwa juu ya jeki, nati zikazwe kidogo kidogo kwa kuvuka, siyo kwa kufuata duara, ndipo gari lishushwe na kumaliziwa. Nguvu inayotakiwa kwa magari mengi madogo ya Toyota ni kama uzito wa kilo 21 kwenye mwisho wa spana ya nusu mita. Fundi anayepanda juu ya spana na kuruka anazidisha mara kadhaa na kuivuta bolti mpaka inachoka. Kisha, baada ya kilomita 50 hadi 100, nati zikaguliwe tena. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayosahauliwa zaidi, na haimgharimu dereva hata faranga moja.

Kwa hiyo tunatoa wito kwa pande tatu. Wafanyabiashara wa mpakani, andikeni kwa chaki ndani ya kila rimu mambo manne: idadi ya matundu na duara lake, tundu la katikati, aina ya nati, na gari ilikotoka. Rula ya kupimia inayobana, ile ya mafundi mchundo, inatosha kwa kazi hiyo, na rimu yenye maelezo humtofautisha mwuzaji mkweli na mbabaishaji. Mafundi, msikubali kufunga rimu isiyo na pete wala nati zake kwa sababu mteja ana haraka. Na wakaguzi wa magari wasiishie kwenye taa na breki. Wafungue nati moja waangalie uzi na uso wake.

Kwa ndugu zetu waliorejea, neno letu ni fupi. Nati na pete zihesabiwe katika bei ya rimu tangu mwanzo, siyo kuachwa mpaka pesa ipatikane. Kama bei haitoshi vyote, rimu za chuma zilizokuja na gari zitabeba abiria salama bila kumwonea mtu haya. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika mteremko wa Bugarama wapo ambao hawatapata nafasi ya kuujenga.