Tiba ya Hipnosi na Wahaka wa Nafsi: Tupambanue Kabla ya Kuhukumu



Ni nadra kupata safu ya Swala isiyokuwa na mtu aliyebeba wahaka moyoni. Mmoja kodi ya nyumba imemfika ilhali mfukoni hana kitu. Wa pili anauguza. Wa tatu halali usiku, kifua kinambana na moyo unamwenda mbio, wala hajui sababu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 301 ulimwenguni walikuwa na maradhi ya wahaka. Hao ni waliofikia kiwango cha ugonjwa, mbali na wenye msongo wa kila siku.

Mtu wa namna hiyo akithubutu kusema, aghalabu huambiwa moja kati ya mawili: imani yake ni dhaifu, au amepandwa na jini. Jibu la kwanza humnyamazisha. La pili humpeleka kwa mganga, akamtoza kuku, ubani na fedha ya watoto. Akishauriwa kwenda hospitali, hukumbuka namna jina la Mirembe ya Dodoma linavyotajwa mitaani kwa mzaha, akaona haya. Siku hizi imeongezeka njia nyingine, nayo ni tiba ya hipnosi. Wapo wanaoikimbilia kwa pupa na wapo wanaoiita sihiri moja kwa moja. Msimamo wetu ni kwamba pande zote mbili zina haraka.

Kwanza tulitazame jina. Waarabu huiita tanwim, neno litokanalo na nawm, yaani usingizi; na hipnosi ni neno la Kiyunani lenye maana hiyo hiyo. Majina yote mawili yanapotosha, kwani mwenye kufanyiwa hipnosi halali. Huikusanya fikra yake yote kwenye jambo moja, yaliyomzunguka yakafifia, na moyo ukawa mwepesi wa kupokea maneno anayoambiwa. Husikia, na anaweza kukataa asilolitaka. James Braid, tabibu wa Kiskoti aliyelieneza jina hilo kwa kitabu chake cha mwaka 1843, baadaye mwenyewe alijaribu kulibadili.

Kabla ya Braid alikuwapo Franz Anton Mesmer, aliyedai mjini Paris kwamba anaponya kwa nguvu ya sumaku isiyoonekana. Mwaka 1784 mfalme wa Ufaransa aliunda tume ya kumchunguza, wakiwamo Benjamin Franklin na Antoine Lavoisier. Tume ilibaini kwamba waliodhani wametiwa sumaku hiyo walitetemeka hata kama hawakutiwa, na waliotiwa bila kujua hawakuhisi kitu. Sumaku ikathibiti kuwa ni uongo. Lakini jambo moja lilibaki kuwa kweli: lile analolisadiki mtu moyoni hufanya kazi mwilini mwake. Juu ya ukweli huo ndipo madaktari walipojenga tiba hii, hata chama cha madaktari wa Uingereza kikaikubali mwaka 1955, na cha Marekani mwaka 1958.

Ama hukumu yake, Kamati ya Kudumu ya Fatwa ya Saudi Arabia iliihesabu tanwim kuwa ni aina ya ukahini unaotumia majini. Fatwa hiyo tunaiheshimu, nayo inamhusu waziwazi kila anayedai kufichua ghaibu, kumtaja mwizi, au kuwaita viumbe wasioonekana. Hata hivyo, hukumu hufuata illa yake. Daktari anayemfundisha mgonjwa kuvuta pumzi polepole, kulegeza viungo na kujisemeza maneno ya utulivu, hana jini anayemtumia. Mwenye shaka na amuulize mwanachuoni, lakini amweleze kinachotendwa hasa, asimtajie jina tu.

Tena fikra ya kuitibu nafsi kwa mawazo si ngeni kwetu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, katika kitabu chake Masalih al-Abdan wal-Anfus alishauri kwamba mtu ajiwekee akiba ya fikra njema wakati wa utulivu, apate kuzitumia hofu imjiapo, kama vile watu wawekavyo dawa nyumbani kwa dharura. Hakuzungumzia hipnosi, lakini alilijua jambo lililo karibu nayo.

Mtu anaweza kujifanyia mwenyewe namna nyepesi ya tiba hii. Akae mahali tulivu, akitazame kitu kimoja, kisha afumbe macho. Atoe pumzi polepole kuliko anavyoivuta, na alegeze viungo kuanzia uso hadi nyayo. Ahesabu kutoka kumi kurudi moja, akizidi kutulia kwa kila hesabu. Kisha ajiambie maneno machache ya kweli aliyoyachagua, kama vile "Ninaweza kuingia kazini nikiwa mtulivu," huku akijiona anaingia. Mwisho ahesabu moja hadi tano, afumbue macho, anyooshe viungo. Dakika kumi au kumi na tano kila siku zatosha. Asifanye hivyo akiendesha chombo wala penye moto wa jiko.

Faida yake ina mipaka. Watu hutofautiana, wengine huipokea upesi na wengine haiwaingii. Imesaidia katika hofu ya kabla ya upasuaji na kung'olewa meno, na huwa na nguvu zaidi ikiambatana na ushauri wa kitaalamu kuliko ikiwa peke yake. Haifai kwa mwenye kusikia sauti zisizokuwapo ila chini ya daktari. Isitumike kufukua kumbukumbu zilizosahauliwa, kwani huzalisha kumbukumbu za uongo, na familia zikavunjika kwa jambo lisilotokea. Kadhalika, moyo kwenda mbio huweza kuwa ni maradhi ya tezi ya shingo au ya moyo wenyewe. Basi kipimo kitangulie. Na anayewaza kujidhuru asisubiri mazoezi, apelekwe hospitali siku ile ile.

Kwa hiyo kabla hujamkabidhi mtu fikra zako, muulize: Umesomea wapi udaktari au saikolojia? Utafanya nini hasa? Anayeahidi kuponya kila ugonjwa kwa siku moja, au anayekukataza dawa za hospitali, mwache.

Nanyi maimamu na walimu, mtu akija na wahaka wake msianze na jini. Msikilizeni hadi amalize, muombeeni, kisha mmwelekeze kwa tabibu, na ikibidi mwende naye. Dua na dawa hazijapata kugombana. Aibu ndiyo inayowaua watu wetu kimya kimya, na aibu hiyo tunaweza kuiondoa sisi wenyewe, misikitini mwetu.

Wabillahi tawfiq.