Tufunguliwe mlango wa ateliye



Tangu mwalimu wa fizike alituonyesha picha za vijana wenye kuendesha gari la mwezi, mabishano haiishi mu internat. Wengine wanasema: "Ile ni mambo ya Wamarekani, siye tutafute kwanza egzame ya Serikali." Sisi wa mwaka wa sita tunapenda kujibu.

Kwanza mujue ni kitu gani. Huko Huntsville, jimbo la Alabama, watu wa NASA walianzisha mashindano hayo mwaka 1994, na mwaka 1996 wanafunzi wa sekondari nao waliingia. Gari halikuwa na moteri. Vijana wawili walikanyaga pedali kama za kinga, mvulana mmoja na msichana mmoja, ndiyo ilikuwa sheria. Lilipaswa kukunjwa, kisha walikunjue wenyewe na kulipitisha juu ya mawe na mchanga. Na tangu 2014 walikatazwa mipira ya upepo ya kununua: kila ekipi itengeneze magurudumu yake.

Sasa tuulize: nani hapa kwetu anajua gurudumu lisilo na upepo? Si fundi wa chukudu wa Goma? Anachonga mbao, anapigilia juu yake kipande cha mpira kuukuu wa gari, na chukudu inapita na magunia ya makala juu ya mawe ya volkano. Hana diplome. Hata lile gari lililofika mwezini mwaka 1971 na Apollo 15, magurudumu yake yalifumwa kwa nyuzi za chuma, bila upepo.

Na munajua lile la Apollo 17, Desemba 1972? Nyundo ya Cernan ilikwama, ikavunja bati la kuzuia vumbi juu ya gurudumu. Vumbi la mwezi linakwaruza kila kitu. Walifanya nini? Walibandika ramani nne pamoja na utepe, wakazifunga pale kwa vibanio vya taa, safari ikaendelea. Mwanafunzi yeyote wa hapa mwenye kinga ya zamani amekwisha kufanya vile, isipokuwa yeye hakupigwa picha.

Basi, kumbe tunakosa nini? Tunakosa ufunguo tu. Ateliye yetu imefungwa mwaka wa pili huu. Siye tunachora levye na ekipilibre kwenye ubao, tunapata pointi nzuri, na bado kuna mufinalisti asiyejua kukaza bulo.

Lakini tuseme kweli. Mlango ulifungwa juu ya nyundo mbili na msumeno vilivyopotea, na havikuibwa na mtu wa inje. Viliibwa na sisi. Hatuwezi kumlaumu Bwana Prefe na kunyamaza juu ya hiyo.

Tunaomba Jumatano mchana, saa mbili tu. Kuwe na kaye ya kuandika kila chombo, na wakuu wa madarasa waweke sahihi. Kikipotea, tulipe sisi. Na mabinti wa sayansi washike msumeno, wasitumwe maji kama mara ile.

Msumeno umekwisha kurudi. Tuliukuta Jumatatu asubuhi mbele ya ofisi, umefungwa mu gazeti. Zinabaki nyundo mbili.

Wafinalisti, kwa mkono wa mkuu wa wanafunzi