Askofu wa Mbinga na Askofu wa Roma

Sheria ya Kanisa Katoliki yamtaka kila askofu wa jimbo, atimizapo umri wa miaka 75, aandike barua ya kuomba kupumzika. Na ikiwa afya yake imedhoofika kabla ya umri huo, yamsihi kwa nguvu afanye vivyo hivyo. Mbinga yaifahamu sheria hiyo kwa vitendo. Jimbo lilikatwa kutoka Songea mwaka 1986, na askofu wake wa kwanza, Emmanuel Mapunda, aliyezaliwa mwaka 1935, alilichunga kwa muda wa karibu robo karne. Machi 12, 2011, miezi michache baada ya kutimiza umri huo, ombi lake lilikubaliwa, na John Ndimbo akatajwa kuwa mrithi wake. Wakristo wa milima ya Umatengo na wa pwani ya Ziwa Nyasa walisikia jina la aondokaye na jina la aingiaye kwa pamoja, wakarudi kwenye kahawa yao na nyavu zao.

Askofu wa Roma naye ni askofu, lakini sheria hiyo haimgusi. Kanuni ya 335 ya mwaka 1983 yasema kwamba kiti cha Roma kikiwa kitupu, au mwenye kiti yu hai lakini hawezi kabisa kutenda kazi, zifuatwe sheria maalumu zilizowekwa kwa hali hizo. Kwa kiti kitupu sheria zipo tele, hata namna ya kukunja karatasi ya kura imeandikwa. Kwa mgonjwa asiyeweza kutenda, sheria maalumu haijatangazwa mpaka leo. Wataalamu wa sheria za Kanisa wamelieleza pengo hilo mara nyingi. Halikuzibwa, na ni vigumu kuamini kwamba limesahauliwa, maana wanaofaidika nalo ni wale walio karibu na kitanda.

Yohane Paulo II alitetemeka mikono mbele ya dunia kwa miaka mingi kabla ya wakuu wa Vatikano kuutaja waziwazi ugonjwa wa Parkinson. Februari 1, 2005 alipelekwa hospitali, ikasemwa ni mafua. Februari 24 alitobolewa koo apate kupumua. Siku ya Pasaka, Machi 27, alisimama dirishani asiweze kutamka neno. Aprili 2 akafariki. Mwaka 2025 mambo yalikwenda kwa uwazi zaidi, na haki yataka lisemwe hilo. Papa Fransisko alilazwa Februari 14, na karibu kila siku ilitolewa taarifa ya nimonia iliyoshika mapafu yote mawili. Hata hivyo, ni baada ya mgonjwa kutoka, Machi 23, ndipo tabibu wake alipoeleza kwamba usiku wa Februari 28 walifikiria kuacha matibabu.

Katika siku zizo hizo kazi iliendelea kutiwa sahihi. Februari 6, siku nane kabla ya kulazwa, ilitangazwa kwamba Kardinali Giovanni Battista Re, mzee wa miaka 91, ameongezewa muda wa kuwa Dekano wa Baraza la Makardinali, yaani mtu atakayewaongoza wenziwe katika vikao vya kabla ya uchaguzi. Machi 15 ulitangazwa mpango wa Kanisa zima wa kufika Oktoba 2028, ulioidhinishwa na mgonjwa akiwa hospitali. Yamkini yote mawili yalikuwa mapenzi yake halisi. Lakini mwenye shaka ana haki ya kuuliza: laiti asingeweza kushika kalamu, nani angethubutu kusema kwamba hawezi, na kwa sheria ipi?

Afrika Mashariki ilipata sehemu yake ya fumbo hili. Kardinali John Njue wa Nairobi hakuingia katika konklave iliyoanza Mei 7, 2025. Tarehe yake ya kuzaliwa katika kitabu cha mwaka cha Vatikano ilikuwa imesogezwa kutoka 1944 hadi mwanzo wa 1946, na kwa tarehe hiyo mpya alikuwa bado chini ya miaka 80, ana haki ya kupiga kura. Mwenyewe aliwaambia waandishi wa habari kwamba hakualikwa, wala hajui sababu. Askofu Mkuu wa Nairobi akaeleza kwamba alialikwa, ila afya haikumruhusu kusafiri. Huenda kila mmoja alisema alichokijua. Lakini tazama lililotokea: maradhi ya mzee yalisemwa na mtu mwingine, mzee akasema jingine, na mahali palipokuwa na kura hapakuwa na mtu. Waliopiga kura walikuwa 133, naye Protase Rugambwa wa Tabora akiwa miongoni mwao.

Mtu aulizapo hayo huambiwa kwamba anamchuria Baba Mtakatifu, kwamba mirathi haisemwi mwenye mali akingali hai. Ni adabu njema nyumbani. Lakini Ruvuma yajua gharama yake katika utawala. Zwangendaba alipofariki huko Ufipa, yapata mwaka 1848, ugomvi wa urithi uliwagawa Wangoni, na baadhi ya makundi yaliyotawanyika ndiyo yaliyoingia Songea kwa mikuki. Wamatengo walikimbilia milimani kwa sababu, pamoja na nyinginezo, ya wafu kutopangiwa warithi. Wahenga walikwisha sema kwamba mficha maradhi, kilio humfichua.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: Papa ni baba, na baba hastaafu, mateso yake ni mahubiri. Benedikto XVI aliijibu nusu ya kwanza Februari 2013, aliposhuka kitini akiwa hai. Ama nusu ya pili, hakuna mwenye kudharau mahubiri ya mgonjwa. Yanayotiliwa shaka ni mahubiri yanayotia sahihi uteuzi. Na kama baba hastaafu, mbona Mapunda, aliyeitwa baba na Mbinga nzima, alistaafu?

Mapapa wenyewe wameiona hatari. Paulo VI aliandika mwaka 1965 barua ya kujiuzulu endapo ugonjwa usioponyeka utamzuia kazi. Ilichapishwa mwaka 2018, yeye akiwa kaburini miaka 40. Fransisko alisema Desemba 2022 kwamba barua ya namna hiyo aliitia sahihi na kumkabidhi Kardinali Bertone, Katibu Mkuu wa Vatikano, ambaye aliondoka katika wadhifa huo mwaka 2013. Barua hizo ni za heshima. Sheria siyo. Hazitaji tabibu gani athibitishe, wala nani aifungue bahasha.

Katika ufuo mmoja wa Nyasa, Mwanglikana wa Liuli anajua kwamba askofu wake atachaguliwa na sinodi yenye walei ndani yake, na kwamba sinodi huweza kugombana. Jirani yake Mkatoliki wa Lituhi anajua tu kwamba Balozi wa Vatikano aliyeko Dar es Salaam hupeleka Roma majina matatu, kwa siri. Katika misa, kutoka Aprili 21 hadi Mei 8, 2025, jina la Papa halikutajwa altareni. Kisha likatajwa jina jipya, akaitikia Amina. Hiyo ndiyo sehemu yake yote katika shauri hili, na ni yeye atoaye zaka.

Leo XIV alizaliwa Septemba 1955. Mwaka 2030 maaskofu wa majimbo waliozaliwa naye mwaka mmoja watadaiwa barua zao, popote walipo, naye ndiye atakayezipokea na kuamua nani apumzike. Yeye hatadaiwa barua.