UZI: Gari ni lako, moshi ni wetu

1/ Jamani, leo nawasema vijana wa magari. Nyie mnaochukua Altezza, GX110 au Subaru ya zamani, mnavua siti za nyuma, zulia na plastiki zote, mnasema ni "mradi". Sina ugomvi na mradi. Siti ni zako, mgongo ni wa abiria wako. Ugomvi wangu uko kule chini ya gari, kwenye kitu mnachokimbilia kukata kwanza: masega.

2/ Kwa asiyejua, hilo ni boksi la chuma kwenye bomba la moshi, karibu na injini. Ndani kuna kauri yenye matundu madogo madogo kama sega la nyuki, imepakwa madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi ukipita humo, kaboni monoksaidi na petroli ambayo haijaungua vinageuka kuwa kaboni dayoksaidi na maji. Gesi za naitrojeni zinazochoma mapafu zinarudi kuwa naitrojeni ya kawaida. Sega zima likishapata moto linaondoa zaidi ya asilimia 90 ya sumu hizo. Ukilitoa ukachomelea bomba tupu, zote zinakuja mtaani kama zilivyo.

3/ "Lakini gari linavuta!" Sega lililoziba linabana injini kweli, hilo sibishi. Sasa jiulize limeziba kwa nini. Injini inakula oili, plagi zimechoka, petroli inapita bila kuungua inaenda kuliunguza. Unakata sega, ugonjwa wenyewe umeuacha kwenye injini. Wodini hiyo ni sawa na mgonjwa ana homa, wewe unatupa kipimajoto. Na kama sega lilikuwa zima, hiyo nguvu unayojisifia sehemu kubwa ni kelele tu.

4/ Tuseme ukweli, wengine wala hawatafuti spidi. Wanatafuta hela. Yale madini yana bei, ndo maana wanunuzi wanazunguka gereji kuyaulizia. Kuna mafundi wanalitoa bila hata kumwambia mwenye gari. Kijana wa gereji analivunja kwa nyundo, hana barakoa, vumbi lote anavuta yeye. Mnunuzi anaondoka na madini, fundi anabaki na kikohozi, mtaa unabaki na moshi.

5/ Wewe dereva wa mradi sikiliza hapa, maana wa kwanza kuumia ni wewe. Umevua zulia, umetoa raba za kuziba matundu ya sakafu, buti liko wazi mpaka mbele. Bomba umelikata na kulichomelea kienyeji, linavuja. Kaboni monoksaidi haina rangi, haina harufu. Inaingia ndani, inashika damu mahali pa oksijeni na haiachii haraka. Kichwa kinauma, unasinzia, unadhani ni uchovu. Na ukifikishwa hospitali, kile kipimo tunachobana kidoleni kinaweza kuonyesha oksijeni yako iko sawa kabisa, kwa sababu hakitofautishi damu yenye oksijeni na damu yenye hiyo sumu. Usipotuambia ulikuwa kwenye gari la namna gani, tunaweza kukupa Panadol na kukurudisha nyumbani.

6/ Halafu kuna wasio na gari. Huku kwetu Mwananyamala, iwe Komakoma au kwa Kopa, nyumba zimebanana na vichochoro ni vyembamba. Joto la Dar mnalijua, watu wanalala madirisha wazi. Wewe saa tano usiku unapiga resi mita mbili kutoka kitanda cha mtoto mwenye pumu. Mtoto anavuta hewa nyingi kuliko mtu mzima ukilinganisha na uzito wake, na mchana akitembea pua yake iko karibu na usawa wa bomba lako. Anayemwekea kinyago cha dawa alfajiri, mbavu zinaingia ndani kila akipumua, ni mimi na wenzangu. Mama yake hajawahi hata kupanda hiyo Altezza.

7/ Najua jibu: "Mbona malori na daladala?" Sawa, na wao wapimwe. Moshi wa lori hausafishi wa kwako. Na msiseme nchi maskini haiwezi. Mwaka 2001 serikali za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar kuondoa petroli yenye risasi, na kufikia mwanzo wa 2006 ikawa imeondoka. Risasi ni sumu kwa ubongo wa mtoto, na ni sumu kwa sega pia. Mwaka 2015 Afrika Mashariki tukaingia kwenye dizeli yenye salfa kidogo. Nchi zimehangaika kuleta mafuta ambayo sega linaweza kufanya nayo kazi, wewe unalitoa kwa grainda dakika ishirini.

8/ Sheria ya mazingira tunayo tangu 2004, na kanuni za ubora wa hewa tangu 2007. Kwa hiyo naomba vitu vinne. Gari lipimwe moshi kila mwaka, si kuangaliwa taa na matairi tu. Anayenunua masega aonyeshe kila moja limetoka gari gani. Fundi akiletewa kazi ya kukata sega zima, akatae kama ninavyokataa kumchoma mtu sindano asiyoandikiwa. Na wewe mwenye gari, kabla hujaliacha gereji piga picha chini, na ukirudi chungulia tena.

Maoni yako wazi. Ukija na "gari ni langu", rudi kwanza usome namba 6.