Tuzo ya Utumishi Si Sadaka

Mwandishi aliyedai kuwa vyuo vikuu vimtuze mfanyakazi kwa makala za utafiti pekee, na kwamba huduma kwa jamii ni "hisani ya mtu binafsi", hajautazama mwambao wa Cabo Delgado, Msumbiji.

Oktoba 2020, majahazi na mashua zilimiminika kwenye ufukwe wa Paquitequete, mjini Pemba, zikiwa zimebeba maelfu ya watu waliokimbia vita vilivyoanzia Mocímboa da Praia mwaka 2017. Mwaka mmoja na nusu kabla, Kimbunga Kenneth kilikuwa kimekivunjavunja kisiwa cha Ibo. Katika mji kama Pemba, mhadhiri anayemtafsiria muuguzi maneno ya mama anayesema Kimwani, mwenye mtoto anayeharisha, anafanya kazi ya elimu. Dereva wa chuo anayewapelekea maji safi kambini watu hao waliokimbia anafanya kazi hiyo hiyo.

Chuo Kikuu cha Lúrio, chenye kitivo Pemba, kinalijua hilo. Kule Nampula, wanafunzi wake wa afya hukabidhiwa kila mmoja familia ya kuitembelea na kuifuatilia. Ikiwa huduma ni somo kwa mwanafunzi, vipi iwe hisani kwa mwalimu wake?

Nakubali hoja moja: tuzo hugeuzwa zawadi ya marafiki wa wakubwa. Dawa yake ni kuwaweka wanajamii kwenye jopo, vigezo vitangazwe mapema, na madereva na wahudumu washindane sawa na maprofesa. Upendeleo upigwe vita, utumishi uheshimiwe.